Usinyamaze Leba

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi huku kijijini Ziwa tuko salama, tunavuna mahindi ya tajiri. Ni mgongo tu unaolalamika. Umeniuliza kama kulia leba, ukijifungua, ni aibu.

Nilipokuwa namzaa mama yako, mama mkwe alinionya, "Mwanamke wa boma hili halii." Hospitalini nikaketi kwenye benchi, nikauma leso, nikanyamaza. Nesi akapita akisema, "Wewe bado, mama. Wenzako wanapiga kelele." Mama yako akazaliwa pale kwenye benchi, akadakwa na mjamzito mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake.

Nyumbani nilisifiwa sana. Lakini mimi nilikuwa nimetamani tu mtu wa kunishika mkono.

Siwezi kuja kabla ya mavuno kuisha. Wewe lia, mama, mpaka nesi aje. Ningekuwa huko, tungelia sote.

Nyanya yako