Sauti ya Pili na Diski Ndogo

Jumapili, 4 Mei 2025

Mnada wa sadaka leo ulichangamka! Diski aliyotuma mwanangu Isakwisa kutoka Mbeya niliiweka mezani pamoja na mayai, mahindi na jogoo wa Mama Happy. Mnadishaji akaiinua juu, akaigeuza. Akauliza hiki ni kitu gani, mbona hakiliwi. Mwalimu Aroni akapaza sauti kwamba ni ubongo mpya wa kompyuta ya kwaya. Watu wakacheka, kisha wakaanza kupandiana bei kwelikweli. Mzee Kalinga akawashinda wote, akalipa, akairudisha kwetu sisi wanakwaya. Vigelegele! Mchungaji akaiwekea mkono, akaiombea.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza ukubwa wake. Na mimi ninayejiita mtunza kompyuta nilikuwa hapo hapo napiga makofi.

Jumatatu, 5 Mei

Baridi. Nimevaa sweta mbili ofisini. Ofisi! Chumba nyuma ya kanisa, meza moja, kompyuta moja, na viti vya harusi vimerundikwa hadi dirishani.

Vitus fundi alikuja saa nne. Akaisikiliza kompyuta. Ile diski ya zamani inagonga sasa, tk-tk-tk, halafu inanyamaza, halafu tena. Anasema ipo hoi. Imebakiza kazi moja kubwa, nayo ni kukloni: kuhamisha kila kitu kama kilivyo, programu na yote, kwenda diski mpya. Lazima iwe hivyo, maana yule kijana aliyetuwekea programu ya kurekodia alikimbilia dhahabu Makongolosi na simu yake haipatikani. Programu ikipotea, ndiyo basi.

Halafu akaisoma ile diski mpya. Akaisoma tena. Akaniuliza kwa upole nani aliinunua.

Ni ndogo! Haifikii hata nusu ya ile ya zamani. Vitus anasema diski kubwa inaweza kuingia kwenye ndogo bila shida, mradi vilivyomo vitoshe. Vyetu havitoshi. Lazima tupunguze kwanza, ndipo akloni. Nikamuuliza kwa nini tusiibadilishe dukani. Mwenyewe nikajijibu kabla hajafungua mdomo. Kitu kimenadiwa, kimekombolewa na Mzee Kalinga, kimeombewa — ukakibadilishe? Utaanzia wapi kumwambia? Na kununua kingine cha kuwekea ziada haiwezekani, kwaya imeshalipia basi la kwenda kwenye tamasha Mbeya.

Jioni Isakwisa akapiga simu. Mama, imewatosha? Nikamwambia imetosha kabisa, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana.

Jumatano, 7 Mei

Siku nzima na Vitus, mimi nasema, yeye anafuta. Jamani, watu wanaweka vitu! Filamu za ngumi za vijana. Nyimbo zile zile zimenakiliwa mara nne: "Nyimbo", "Nyimbo mpya", "Nyimbo mpya kabisa", "USIFUTE". Nimefuta USIFUTE kwa furaha kubwa. Video ya harusi ya mtu ambaye hata hakuwa mwanakwaya. Hotuba ndefu ya mgeni rasmi, hata yeye sidhani aliimaliza.

Bado haitoshi. Kidogo tu, lakini haitoshi. Vitus atarudi Jumamosi kukloni. Kabla ya hapo niwe nimepata cha kutoa.

Mimi najua kilichobaki. Nimelijua folda hilo tangu Jumatatu, nikawa nalipita kama mtu asiyenidai.

Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu Aroni amekuja. Akazunguka weee. Akauliza habari za shamba, akasifu sweta. Mwisho akasema: Mama Isakwisa, lile folda la sauti moja moja je? Ni zito kuliko yote. Nyimbo kamili tunazo, hizo zitabaki. Akawa anaangalia viti vya harusi wakati anasema.

Nikajibu sawa. Haraka haraka! Nikasema hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Akashukuru, akaondoka. Kwa ahueni hata kofia akaisahau.

Niandike basi, maana hapa hakuna anayesoma. Kwaya yetu wengi hatusomi nota. Wimbo mpya ukija, kila sauti inarekodiwa peke yake, mwenye sauti hiyo anaimba, wenzake wanajifunza kwa kusikiliza. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zimebadilisha waimbaji kila mwaka. Ya pili ni mimi. Mwanzo mpaka mwisho ni mimi — mpaka rovu lilipotolewa shingoni. Daktari alishaniambia kabla, limebana pabaya, uzima nitapata, sauti hana uhakika. Nimepata uzima. Nasema kwa mkwaruzo, wageni wanadhani nina mafua. Kuimba hakuna.

Kwenye nyimbo kamili mimi nimechanganyika na wenzangu, hunisikii. Sekela peke yake, yaani mimi, yuko kwenye lile folda tu. Na ameshasema sawa, mjinga huyu!

Nimekasirika. Namkasirikia Aroni, na diski, na Mzee Kalinga na pesa zake. Isakwisa simkasirikii. Kidogo labda.

Ijumaa, 9 Mei

Nilifungua faili moja la folda lile. Nilijiambia naangalia tu kama linafunguka. Tangu hospitali sijawahi kusikiliza hata mara moja.

Kwanza kikohozi. Halafu nacheka, namwambia Aroni anipe nota tena, alikuwa amenipa ya wanaume. Halafu naimba. Loo! Sikumbuki kuwa nilikuwa hivyo. Kule mwishoni mwa mstari naikokota sauti, naiburuta mpaka wengine wangekuwa wameshavuta pumzi mbili. Nilijivuna, nasikia kabisa nilivyokuwa najivuna. Nikalia. Nikafuta uso na kitenge, nikafungua la pili.

Nikaamua sifuti. Afute nani! Watoe ule mkanda wa uzinduzi wa albamu, watoe chochote.

Hodi mlangoni. Happy, binti anayeongoza sauti ya pili sasa. Akapiga goti, akanisalimia kamwene mama, akaweka maparachichi mezani. Alikuwa amenisikia kutoka nje — yaani yule wa kwenye kompyuta. Akakaa. Akawa anasokota ncha ya mtandio.

Nikamwambia, sema mwanangu.

Akasema ameambiwa folda litafutwa. Nikadhani amekuja kunitetea. Nikawa nimeshaandaa na jibu! Akasema: mama nisamehe, mimi naomba lifutwe kweli. Kila mazoezi Mwalimu ananiwekea wewe. Nikiimba anasema bado, msikilize Mama Isakwisa. Nikivuta pumzi mahali pasipo pako, anasema turudie. Nimejaribu, mama. Kifua changu hakifiki kule kwako. Na sasa dada wote wa sauti ya pili wananisikiliza wakiwa na wewe masikioni. Nikienda Mbeya kwenye tamasha hivyo hivyo, nitaacha kwaya.

Alikuwa analia huku anaomba radhi. Nilitaka kumfukuza. Kweli kabisa, nilitaka kumwambia achukue maparachichi yake aende. Lakini nikamwona amekaa juu ya mikono yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, na ana mabega membamba hivi.

Nikamwambia nenda nyumbani, kesho folda litakuwa halipo.

Alipotoka nikafuta. Folda zima, mara moja, nisije nikaanza kuchagua. Likatoweka pale lilipokuwa. Nikala parachichi moja bila chumvi. Sikusikia ladha yoyote.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika hapa hapa ofisini, Vitus anakunywa chai.

Amefika mapema, akafungua kompyuta, akaunganisha diski mpya kwa waya. Nikamwambia kwamba nimetoa lile zito, aendelee. Akaangalia. Akasema mama, bado vilevile. Haijapungua hata chembe.

Nikamwambia haiwezekani, nimefuta jana kwa mkono wangu.

Akabonyeza pipa la taka. Lote limo! Kila wimbo, kila sauti ya pili, na majina aliyoyaandika Aroni. Anasema ukifuta hivi vinakwenda tu kukaa pipani, vinasubiri. Nafasi vinaendelea kuila. Mpaka ulimwage pipa. Nikisema neno moja tu, folda linarudi mahali pake kama lilivyokuwa. Akaniuliza: nimwage, au nirudishe?

Nikamwambia unywe chai kwanza.

Diski inagonga. Anasema tusikae sana, mama, hii haitangoja.

Kanisani wameanza mazoezi. Ukuta huu mwembamba, nasikia yote. Aroni ameuliza rekodi iko wapi, Happy amejibu haipo. Halafu Aroni amesema haya, anza wewe.

Anaimba. Ameanza chini mno, amesita, ameanza tena. Dada zake wanamfuata. Wamefika pale pangu, pale pa kukokota, nami nimeshika meza — hajakokota. Amekata, amevuta pumzi katikati ya mstari, ameingia upya na nguvu. Hata mimi nisingefikiria. Ameimba vizuri. Inauma, lakini ni vizuri, na nikikataa nitakuwa mwongo hata kwenye daftari langu mwenyewe.

Aroni hajawasimamisha. Wanaendelea.

Vitus ameweka kikombe chini. Ananiangalia. Nimemwambia asogeze kiti, nitabonyeza mwenyewe. Kalamu mkono wa kulia, mausi mkono wa kushoto. Kompyuta inauliza kama nina uhakika. Sasa Happy anavuta pumzi tena katikati ya mstari, nami nabonyeza ndiyo, pipa limwagike.