Vaa Nyeupe Huko Uliko

Kaka Khadananda, shikamoo.

Barua yako ya Kathmandu imefika. Pole kwa bomu la sokoni na kwa madirisha yako. Redioni tulisikia wale marehemu wanne wakitajwa, kila mmoja kwa jina lake, na mawaziri wakitoa rambirambi.

Huku nyati wetu wa maziwa amezaa ndama jike.

Jumatano waasi walikuja kutaka chakula, Mama akawapikia. Kesho yake wakaja wanajeshi. “Mzee, nani kawalisha?” Baba unamjua. Akawajibu, “Mwenye bunduki akisema ana njaa, nyie mngemwambia arudi kesho?” Mmoja wao alicheka. Kisha wakampeleka nyuma ya zizi, tukasikia risasi.

Tulimbeba sisi wanawake sita hadi mtoni. Moto wa kumchoma niliuwasha mimi, ingawa ni kazi yako wewe mwanawe wa kiume. Usinilaumu.

Nguo nyeupe za msiba hatuvai. Wanajeshi wamesema anayemlilia mwasi naye ni mwasi. Mama anakwenda kuteka maji na sari yake nyekundu, kama mke mwenye mume. Huko mjini hakuna atakayekuuliza unamlilia nani, kwa hiyo nyoa kichwa, vaa nyeupe mwaka mzima, upite nayo barabarani watu waione.

Usije nyumbani. Barua hii jirani yetu anayekuja huko ataishonea kwenye pindo la sari yake, lakini jibu lako litapita posta, nao wanajeshi watalifungua kambini. Kwa hiyo usitupe pole. Msalimie Baba, umuulize mgongo wake unaendeleaje.

Mdogo wako,
Tulasa