Mkirudi Kutoka Ggaba

Estelle mdogo wangu, na shemeji Blaise,

Chai iko kwenye chupa, mandazi yako chini ya sahani. Mkitoka, ufunguo mwachieni Mama Oyat, yule jirani mke wa polisi.

Mlisema mnataka kutembea mji. Hapa Nsambya pandeni kilima mpaka kanisani, mtaona mabonde yote. Halafu Ggaba, mkanunue samaki. Kwanza mfunueni mashavu. Yakiwa mekundu, ni wa leo. ~~Mkirudi msishuke Kansanga, hakuna cha kuona.~~

Estelle, asubuhi ulipokwenda kununua mkate, ulimwona mwanamke mwenye furushi la vitenge kichwani. Ukamwita kwa jina langu, Yaya Perpétue, mara mbili. Akajifunika uso kwa mtandio, akakujibu Kiganda, akavuka barabara. Uliporudi ulinikuta naosha vikombe, ukacheka: “Yaya, leo nimemfananisha mke wa watu na wewe.” Na mimi nikacheka. Furushi nilikuwa nimelificha kwa Mama Oyat.

Sasa unaoga, nami natoka tena. Lile duka ninalokuandikia habari zake kwenye barua tangu nihamie huku halipo. Vitenge navitembeza mlango kwa mlango. Kazi yenyewe hainitii aibu. Aibu ni kukukana wewe, niliyekubeba mgongoni tukiwa Bukavu.

Mkirudi kutoka Ggaba, shukeni Kansanga. Nitakuwa upande wa maduka, furushi kichwani. Niite tena kwa sauti ile ile, watu wasikie. Nitaitika.

Dada yako mkubwa,
Yaya