Wakwe Waliovuka

Dada Akumu,

Mihogo imekubali mwaka huu, na watoto wako sawa.

Wakati wa korona ni mimi nilikuwa napita hapa Mulanda na kipaza sauti: mtu wa Kenya asivuke mpaka kuja Uganda kwa mazishi. Mama akafa. Wewe ukaniamini, ukabaki Busia ya Kenya kulia peke yako. Lakini wakwe zangu wa hukohuko Kenya niliwapitisha njia ya panya, niliogopa watanidharau. Wakazika mama yako wewe hauko. Sikukuambia.

Juzi nikatangaza habari ya ugonjwa wa mpox. Joan, jirani yetu, akanicheka mbele ya watu: "Olweny, leo unakataza dada gani?" Wakaondoka wote, hakuna aliyesikiliza.

Njoo kaburini, dada. Mimi nitakaa mbali mpaka umalize.

Ndugu yako aliyekudanganya,
Olweny