Mafuta Yaliyomuua Kaka Hayakutoka Jikoni Kwako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, u hali gani? Najua miaka sita sijakuuliza. Leo nauliza. Na binti yetu Kijiti hajambo? Mimi nipo. Mwezi uliopita nusura Mungu aniite, akaniacha kwanza, na nadhani najua kwa nini.

Nilikuwa napanda ngazi na robota la vitambaa, kifua kikabana kama kimekazwa kwa mshipi. Wenzangu wa cherehani wakanikimbiza hospitali. Damu ikapimwa, kolesteroli mbaya imejaa. Ni mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa ya moyo, kidogo kidogo, miaka nenda rudi, mpaka damu ikose pa kupita. Wala hayaumi yakijijenga.

"Daktari, mimi na wembamba huu?" nikamwambia. "Upepo ukivuma nashika mlango."

"Mama, mafuta haya hayaangalii kiuno. Baba yako alikufaje?"

Nikamwambia alianguka kazini, akiwa na miaka arobaini na sita. Na kaka yangu? Arobaini na mitatu, akifunga kamba za viatu. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema chakula kina sehemu yake, lakini kwetu inaelekea tumezaliwa nayo.

Wifi, hapo hapo nikakukumbuka wewe. Maana siku ya msiba nilisimama mbele ya watu nikakwambia umemlisha kaka yangu vya kukaanga mpaka ukammaliza. Ukafunga virago, ukaondoka na mtoto. Nami nikaendelea kusali kila siku, kana kwamba sikusema kitu.

Kwa Mungu nimetubu, ila niliyemkosea ni wewe. Nisamehe. Ukishindwa, sitakulaumu.

Lakini Kijiti mpeleke akapimwe, hata kama barua hii utaichana. Usiseme ni mwembamba. Mwambie daktari walivyokufa babu yake na baba yake, na alivyonusurika shangazi yake. Vidonge vipo, mimi nameza kila jioni. Yakijulikana mapema moyo unaweza kulindwa.

Nisalimie mama yako, na kaka yako fundi bomba. Mungu akifunike kifua cha mtoto wetu.

Usiponiandikia neno, nitumie majibu ya kipimo chake tu. Yatanitosha.

Ni mimi wifi yako,
nikupendaye, ingawa nimechelewa kusema.