Disketi ya Shemeji

Jumapili, Oktoba 1989

Na bado anasema eti ilikuwa gemu tu! Shemeji alikuja na disketi yake kutoka Nairobi, nami, kwa kuona haya kumkatalia ndugu wa mke wangu, nikaiingiza kwenye kompyuta bila swali. Leo nimeiwasha, virusi vimefuta kila kitu. Miaka miwili ya masimulizi ya Baba, visima, koo, safari za malishoni kule Biliqo, yote niliyachapa mwenyewe. Nakala nyingine sina. Mwalimu mzima.

Baba, ambaye hajui hata kusoma, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe mimi nimenunua sokoni," akasema, "inakaa peke yake kwanza, mpaka nione haikohoi. Wewe, ya mgeni uliingiza siku hiyo hiyo?"

Nami kila jioni huifunika hiyo kompyuta kwa kitambaa isiingie vumbi. Vumbi!

Nikachukua daftari, nikamwomba tuanze upya, tuanze na nyanya yake aliyemlea. Akafungua mdomo, jina halikuja. Kisha akaniuliza mimi, "Aliitwa nani?"

Nami sikumbuki. Jina lake nilikuwa nimeiachia mashine.