Uliniuliza Kuhusu Jua

Mpendwa dada Devotha,

Salio lako liliisha kabla sijakujibu. Ulikuwa umeniuliza, "Mama mkwe anasema mtoto asitolewe nje mchana, jua litamharibu rangi. Wewe uliye shuleni unasemaje?" Nikafungua mdomo, simu ikanyamaza. Nikamrudishia matroni simu yake, nikaenda kufua. Nilifua sare, nikafua na swali lako. Sare zilitakata, swali halikutoka.

Basi nakujibu kwa barua, na nimeiacha wazi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam, ataibandika kwenye ubao wa matangazo. Nakala nitampa mtu anayepita Nyakanazi, akufikishie huko Nyantakara. Najua mama mkwe wako atakuomba umsomee. Msomee yote, usiruke. Mama, shikamoo. Nikikosea mahali, nisahihishe kama binti yako.

Wiki hii swali lako limenikuta na mzigo mwingine. Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule tuna mdahalo, na mada ni hii: "Ufeministi hauhitajiki tena." Maana yake, ile fikra kwamba mwanamke asipunguziwe nafasi kwa sababu ni mwanamke imekwisha kazi yake, tuiweke kando. Mimi nimepangwa upande wa kuunga mkono mada. Mimi, dada! Nilimwendea Madam nikamwomba anihamishe. Akaniambia, "Adela, hoja usiyoipenda ndiyo inayokufundisha kufikiri. Lakini sitaki maneno matupu. Kila hoja iwe na mfano ulioujua mwenyewe."

Mwenzangu upande huo ni Sospeter, yule wa Bukiriro kama sisi, nyumba ya karibu na kanisa la kigango. Yeye hakupata shida.

"Mtendaji wa kata mwanamke, daktari mwanamke, hata Rais," alisema. "Darasani ndiyo usiseme, mmeshatupita. Sasa bado mnataka nini, mabawa?"

"Tukipata mabawa mtatutuma maji ya mbali zaidi."

Alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kisha akasema, "Sawa, andika. Haki ya kura, mnayo." Hapo nikacheka mimi, na yeye hakujua kwa nini.

Wewe unajua. Bibi yetu hajawahi kutenganisha l na r, na kila jioni alisimama mlangoni akiita, "Njooni kura!" Waliitwa kwanza Baba na kaka zetu. Sisi tuliitwa sufuria ikiwa imeanza kulia kwa mwiko. Jioni moja ulininong'oneza, "Haki ya kura tunayo, mdogo wangu, ila matokeo yameshatangazwa." Nilipaliwa na maharage. Bibi akakupiga kofi la mgongo kwa kosa langu. Nimekukumbuka mno kwa jambo dogo hilo. Hapa bwenini tunakula pamoja, tunashiba, lakini hakuna wa kuninong'oneza.

Na unakumbuka Jumamosi za kupalilia? Wewe Bibi alikuita "mzungu wangu," kwa kuwa ulizaliwa mweupe kuliko sisi wote. Mimi nikaitwa Chungu, kwa weusi wangu. "Chungu, chukua majembe. Mzungu wangu, vaa kofia, jua rinakura rangi." Ulivaa kofia ya Baba iliyokufunika hadi pua, na sweta la mikono mirefu katika joto lile. Siku za jua kali uliachwa ndani uchambue maharage, mimi nikalima mstari wangu na wako. Nilidhani wewe ndiye mwenye bahati. Lakini Bibi akishasinzia, nilikuona ukishuka shambani kichwa wazi, kofia umeificha kwenye migomba. Ulisema neno moja: "Nipe mstari wangu." Tukalima bega kwa bega mpaka tusikie anakohoa.

Nilipokuwa natafuta mfano wa Madam, nilimkumbuka yule mgeni wa kizungu aliyekuja kigangoni siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake mikekani, kama kawaida. Mgeni alipewa kiti katikati ya wazee. Baba, kwa furaha tu, akakuinua wewe akakuketisha kando yake: "Mzungu na mzungu mwenzake!" Watu wakashangilia. Yule mama wa kizungu alikuwa mwema. Alisimama akasema kwa Kiswahili alichojifunza, "Sisi wanawake wote ni ndugu." Na Bibi, kutoka mkekani, akasema si kwa sauti ndogo, "Ndugu? Basi ashuke, huku kuna nafasi."

Mkeka mzima ulicheka. Mgeni naye akacheka bila kujua anachekea nini. Wewe hukucheka. Ulishuka kwenye kiti ukaja ukajibana kati yangu na Bibi. Baba alikasirika: "Mtoto huyu hajui heshima aliyopewa." Nami nilikuona mjinga, dada. Kiti kile, cha kuegemea!

Sospeter angekitumia kiti kile kama hoja yake: mwanamke amekaa na wazee, mwataka nini tena? Lakini mimi nilikuwapo. Kiti hakikutolewa kwa mwanamke. Kilitolewa kwa rangi. Bibi alizaa watoto wanane na kulima maisha yake yote, ni mwanamke pia, na alibaki chini. Ndiyo maana siwezi kusema neno "wanawake" kana kwamba sote tumekaa mahali pamoja. Yuko wa kitini, yuko wa mkekani, na yuko yule aliye jikoni ambaye hata mkeka hajaufikia. Anayesema ufeministi hauhitajiki tena, nimemwuliza kimoyomoyo: umekaa wapi ukisema?

Halafu kuna kiti ambacho ni mtego. Mwaka juzi, ulipokuwa nyumbani ukisubiri matokeo ya kidato cha nne, walikuja wageni kutoka Nyantakara. Sisemi ubaya wao. Shemeji ni mpole, na mama yake alikulea vizuri ulipojifungua, Mungu amlipe. Lakini nilikuwa nyuma ya mlango nikiwasikia wazee, wa kwao na wa kwetu. Hakuna aliyeuliza unapenda somo gani. Walisema, "Huyu mweupe," na ng'ombe wa mahari wakaongezwa kwa neno hilo moja. Bibi alitabasamu kama mtu aliyetunza mbegu mpaka msimu. Alikupenda, najua. Kofia ilikuwa upendo wake. Ila ilikuwa pia zizi.

Matokeo yalipotoka ulikuwa umeshahama. Ulikuwa umefaulu kwenda kidato cha tano. Baba aliangalia jina lako kwenye simu ya jirani, akasema, "Basi," akaingia migombani na hakutoka mpaka Bibi alipoita kura. Mimi Chungu hakuna aliyekuja kuniulizia, nikaendelea na shule. Rangi iliyonipa majembe mawili ndiyo iliyoniachia daftari, na iliyokupa kofia ndiyo iliyokuondoa. Sijui niite nini jambo hilo. Haikuwa bahati yangu wala kosa lako. Ninachojua ni kwamba mzani ule haukuwa mikononi mwetu, mimi wala wewe.

Likizo iliyopita nilipalilia nikauacha mstari wako. Bibi akauliza, "Chungu, huu vipi?" Nikasema, "Wa mwenyewe." Kesho yake nilimkuta ameinama anaupalilia yeye, taratibu, kichwa wazi.

Sasa jibu langu. Mtoe mwanao Kabula nje. Mlimpa jina la mvua, msimnyime jua. Aanguke, avue kandambili, acheze mavumbini mpaka asijulikane ana rangi gani. Akishakuwa mkubwa na mtu akamwangalia, atafute kwanza anajua nini. Mama mkwe, najua unamfunika kwa kumpenda. Nakuomba ukae naye hapo hapo uwanjani, kwenye mkeka mmoja, na dada yangu kando yenu.

Na wewe, dada, matokeo yako hayaozi. Madam anasema vyuo vinakupokea hata sasa. Sikuharakishi. Nakukumbusha tu kwamba una mstari.

Nimebakiwa na ombi. Kwa ajili ya mdahalo wa Ijumaa ile nimejaza ukurasa, nikaufuta. Nimetafuta mahali pamoja, pamoja tu nipajuapo mwenyewe, ambapo naweza kusimama nikasema: hapa hauhitajiki tena. Sijapata. Lakini siku bado zipo. Kukiwa na uwanja mmoja huko Nyantakara ambapo mtoto wa kike anatembea saa sita mchana, na hakuna anayemwita ndani, nitautaja mbele ya shule nzima bila aibu, na Madam hatakuwa na la kunikosoa.

Nipe mfano huo, dada. Nitaweka salio, nikupigie Alhamisi. Usiniambie kitu. Niwekee simu karibu na mlango, nisikie kama anacheka nje.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukuachia mstari,
Chungu